Walsi Ilivyotupatanisha

Mimi na mume wangu tulimaliza wiki mbili bila kusemeshana. Kisa? Pesa za kutuma nyumbani Kigoma. Tukaalikwa harusi hapa Montreal, Kanada. Wazee wawili wakashika kodiani na fidla, vyombo tunavyovijua kwenye taarabu, wakapiga walsi ya asili ya Wakanada wanaosema Kifaransa: mapigo matatu, la kwanza zito, mawili mepesi.

Baba Neema akaninyooshea mkono. Sisi watu wa rumba tukakanyagana kweli kweli! Kila mtu alitaka kwenda mbele. Walsi haikubali: mmoja akienda mbele, mwenzake anarudi nyuma, mkizunguka, mnabadilishana.

Kwenye gari akasema, "Mama Neema, kesho tupige hesabu pamoja."

Safari hii nilimsikiliza kwanza.