Jiwe la kijani katika mkoba wa mwalimu

Juma hili tunawaletea habari ya mtu mmoja anayechonga jiwe la jade huko mbali, Hong Kong. Tutawaambia pia namna habari yake ilivyotupatisha haya mbele ya mtoto wa darasa letu.

Tuanzie darasani. Siku moja ya mwezi wa pili tulikuwa tunafundisha hesabu katika darasa la sita. Kijana mmoja wa miaka 12 hakuwa anaangalia ubao. Mkono wake ulikuwa chini ya meza, unasugua kitu. Tukamwendea, tukamfungua mkono: kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari tunaloliona kila siku hapa Kolwezi. Alikuwa anakisugua kwa msasa, na kilikuwa kimeanza kupata umbo la samaki.

Tulimnyang'anya. Tukasema mbele ya wenzake wote: "Unataka kuwa mchimbaji? Basi nenda kwenye shimo, usitupotezee wakati." Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Jiwe lake likabaki ndani ya mkoba wetu.

Siku ya Mungu iliyofuata, mdogo wetu wa kike, ambaye ni mchuuzi wa nguo, alifika nyumbani kutoka Guangzhou akiwa amevaa bangili ya kijani. Mama yetu aliposhika ile bangili alisema, "Mwanangu, hao watu wamekuuzia malakiti yetu wenyewe!" Tulicheka sana. Mdogo wetu akachukua kisu, akakwaruza kidogo bangili yake: hakuna alama. Tukatoa jiwe la mtoto ndani ya mkoba, akalikwaruza chini: mstari ukatokea palepale. Malakiti ni jiwe la shaba, ni laini. Jade ni jiwe lingine kabisa, gumu kuliko kisu, na ndiyo sababu kulichonga kunataka muda na mchanga mgumu au almasi ya unga. Wachina wanaliheshimu tangu maelfu ya miaka.

Ndipo akatuonyesha kwenye simu picha za kazi ya Wallace Chan. Usiku ule tulisoma juu yake mpaka umeme ukakatika.

Alizaliwa mwaka 1956 huko Fuzhou, nchini China. Akiwa na miaka 5, jamaa yake ilihamia Hong Kong. Walikuwa maskini. Alipofika miaka 13 aliacha masomo ili asaidie nyumbani. Mwaka 1973, akiwa kijana wa miaka 16, aliingia kujifunza kazi ya kuchonga mawe ya thamani, na baada ya miezi michache tu akaanza kujitegemea.

Alitaka kujua namna Wazungu wanavyochonga watu na nguo na mabawa ya malaika. Nauli ya kwenda Italia hakuwa nayo. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwenye makaburi ya Wakristo pale Hong Kong, anatazama malaika wa mawe waliosimama juu ya makaburi. Wengine walikwenda pale kulia wafu wao. Yeye alikwenda kusoma.

Kisha akawaza jambo gumu: kuchonga sura ya mtu upande wa nyuma wa jiwe linalopitisha mwanga, ili mtu akitazama mbele aone sura moja imekuwa nyingi. Chombo cha kufanya hivyo hakikuwepo. Alichukua mashine ya daktari wa meno, akaigeuza. Lakini ilizunguka kwa kasi sana, jiwe likapata moto na kuharibika. Akaamua kuchonga ndani ya maji. Ndani ya maji haoni vizuri. Basi alikuwa anachonga kidogo, anatoa jiwe, analikausha, analitazama, analirudisha tena majini, namna hiyo siku baada ya siku. Hata alikwenda kujifunza kazi ya mashine ili aweze kujitengenezea vyombo vyake. Kazi hiyo ilitimia mwaka 1987, nayo inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Katika jade alitafuta mwanga pia. Jiwe nene linakaa giza. Aliligundulia namna ya kulichonga ili mwanga upite na rangi ya kijani iwake. Miaka iliyofuata aliacha mali yake, akaishi miezi sita kama mtawa wa dini ya Buddha. Aliporudi hakuwa na fedha ya kununua mawe ya bei. Akajifunza titani, ile madini nyepesi inayotengenezewa ndege, na ilimchukua miaka 8 kuizoea. Mwaka 2019, jumba la makumbusho la British Museum kule London lilipokea pambo lake lenye umbo la nyenje, ambalo ndani yake mna jade.

Wamama, hapa ndipo tulipofunga simu na kukaa kimya. Maana sisi walimu tunaogopa habari kama hii. Mtoto akisikia kwamba mtu mkubwa aliacha masomo akiwa na miaka 13, atasema: "Umeona, Mwalimu?" Na hapa kwetu kuacha masomo hakumpeleki mtoto kwa fundi wa vito. Kunampeleka kwenye shimo au kwenye mto wa kuosha mawe. Hata huko jade inakotoka, Myanmar, ni vilevile. Mwezi wa saba wa mwaka 2020, udongo uliporomoka kule Hpakant na kuua watu zaidi ya 160, wengi wao maskini waliokuwa wanaokota vipande vilivyotupwa na mashine. Mama zao waliwalilia kama sisi tunavyolilia wetu.

Basi hatusemi kwamba masomo si kitu. Tunachosema ni kwamba umaskini ulimtoa yule kijana darasani, lakini aliendelea kuwa mwanafunzi: kwenye makaburi, kwa fundi wa mashine, mbele ya bakuli la maji. Na sisi tulikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo chini ya meza, anasugua samaki wake kwa uvumilivu ambao hatujawahi kuupata kwake katika hesabu. Tukamfukuza, tukamwonyesha njia ya shimo kwa mdomo wetu wenyewe.

Siku ya kwanza ya juma tulikwenda kwao. Mama yake alikuwa anatwanga sombe. Alipotuona alisimama, akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, karibu. Ni deni la masomo?" Tukamwambia, "Hapana, Mama. Deni ni letu." Tukamtolea lile jiwe na kumweleza tulichosema darasani. Alinyamaza. Kisha akasema, "Alituambia kwamba tumbo linamuuma. Mjomba wake ndiye anayechonga malakiti ya kuuza Lubumbashi. Mtoto anamwangalia tangu akiwa mdogo."

Mtoto alikuwa nyuma ya mlango. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake. Si desturi kwa mwalimu, tunajua. Alitazama chini, akanyoosha mkono, akachukua samaki wake.

Tulipatana hivi: siku za masomo, darasani, siku ya sita, kwa mjomba. Na kwa mjomba kuna sharti, nanyi wenye watoto wanaogusa malakiti mlishike: unga wa jiwe hilo una shaba, unadhuru mapafu. Lisisuguliwe likiwa kavu. Liloweshwe maji wakati wote, mtoto afunge kitambaa puani na mdomoni, kazi ifanyiwe nje, na mikono ioshwe kabla ya kushika bukari. Yule wa Hong Kong aliyaingiza mawe majini ili yasiharibike. Sisi tutie maji ili watoto wasiharibike.

Amerudi darasani sasa juma la tatu. Hesabu bado zinamshinda, na mtihani wa mwisho wa msingi unakaribia. Juzi tulimuuliza: samaki mwenye urefu wa sentimita 6, ukitaka kumchonga mwingine wa nusu yake na robo, atakuwa na urefu gani? Alifikiri, akapima kwenye kidole chake, akajibu: "Nne na nusu." Ni sawa.

Wamama, watoto wenu wanashika nini chini ya meza? Mtuambie kwenye mkutano ujao, kabla sisi walimu hatujawanyang'anya.