MUKUBWA AANZE



Mutu akitaka kumutukana mwenzake katika interna, anamwita makako. Sisi maprefe tunasikia neno hilo kila juma. Lakini tumesoma habari za nyani, na tumeona ya kwamba kuna jambo wanatushinda.

Dorothy Cheney na mume wake Robert Seyfarth, wenye elimu wa Marekani, walianza mwaka wa 1992 kufuata kundi moja la nyani kule Okavango, inchi ya Botswana. Waliwafuata kwa miaka mingi, wakamujua kila mumoja kwa sura na kwa sauti.

Nyani majike wana vyeo, na mutoto anapata cheo chake kwa mama. Mwenye cheo anaweza kumufukuza mudogo ao kumuuma, hata kwa sababu ya chakula kidogo tu. Kisha, si kila mara, yule mwenye nguvu anamukaribia yule aliyeonewa na kuguna polepole. Maana yake: sikuji kwa vita tena. Basi mudogo anaacha kukimbia.

Wale wawili walitaka kuhakikisha. Walificha kipaza sauti katika majani, wakamusikilizisha aliyeonewa mguno wa adui wake. Akaacha kuogopa, siku ingine akamukaribia yeye mwenyewe. Lakini mguno wa mukubwa mwingine asiyekuwa katika ugomvi haukusaidia kitu. Tena waliona, kwa uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2007, ya kwamba ndugu wa mwenye kosa akiguna kwa nafasi yake, mapatano yanaweza kufanyika vilevile.

Na faraja je? Simba ao chui akikamata ndugu wa karibu, jike aliyebaki anasumbuka mwilini, hata mavi yake yanaonyesha. Hajitengi. Anatafuta wenzake wa kupekuana nao manyoya, wengi kupita zamani.

Sasa tuseme ya kwetu. Trimestri hii mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza alipigwa na mukubwa mumoja wa mwaka wa sita, sababu ya ndoo ya maji. Azabu ilitolewa, na mambo ya bureau yamekwisha. Lakini mutoto anazunguka nyuma ya madarasa ili wasikutane, na sanduku lake limekwisha kufungwa. Anasema hatarudi kisha mapumziko.

Sisi maprefe tumemusemesha, lakini sauti yetu si ile anayongojea. Azabu ya direkta inafunga kesi, haiondoi woga. Sherti sauti itoke kwa yule aliyepiga. Kama anapata haya, amutume ndugu yake wa mwaka wa tatu, naye anaweza kuanza.

Wakubwa wenzetu, cheo tunacho. Mudogo hawezi kuanza, anaogopa. Njo sisi tunapaswa kuanza, na si kwa hotuba: neno moja kisimani linatosha, mbele sanduku halijapanda gari.