Stout Inaishiwa Pumzi

Toyota Stout ya mjomba ikiwa tupu hupanda mlima wowote. Ikibebeshwa magunia ya karoti kutoka bondeni kuja gulio la Lukozi, haimalizi robo saa: inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Utingo anaruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mnakaa. Baada ya nusu saa inawaka kama vile hakuna kilichotokea, inakwenda kidogo, inazima tena.

Kwa asiyeijua Lukozi, hapa ndipo mboga za Usambara zinapokutana na malori. Kabichi, karoti na viazi hufika kwa pikapu na kwa vichwa vya akina mama, hupakiwa kwenye Fuso, kisha huteremka Lushoto na Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Fuso haimsubiri mtu. Ukichelewa unabaki na madalali, na dalali akishaona jasho lako anajua bei ya kukutajia.

Mimi nilikuwa huko na madodoso ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kuhusu mazao yanayopotea kati ya shamba na soko. Swali la kumi na moja linauliza sababu: mvua, barabara, bei, usafiri. Mjomba angezungushia namba nne, na namba nne isingenieleza chochote.

Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshambadilishia kabureta, kisha plagi, kisha pampu ya mafuta. Kila kimoja kwa bei yake, na kila safari gari lilizima pale pale. "Limezeeka, mpwa wangu," mjomba akaniambia. "Kama mimi." Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshakuja mara mbili kulizunguka. Hilo ndilo gari lililonilipia ada ya sekondari, kwa hiyo sikuwa na utulivu wa mtafiti katika jambo hili.

Fundi wa Lukozi ni mzee anayefanyia kazi chini ya mkaratusi. Hakugusa spana. Aliuliza: "Linazima ghafla, au linakufa polepole?" Likizima ghafla kama taa, yeye huanza kutafuta kwenye umeme. Likikohoa na kufifia, huanza kwenye mafuta.

Kabureta ina kibakuli kidogo chenye boya. Mafuta yakijaa, boya linapanda na kufunga mlango. Yakipungua, linashuka na kuufungua. Akiba yake ni ndogo mno. Kwenye tambarare injini inaonja tu, lakini ikipanda na mzigo inakunywa, na kibakuli kikikauka kabla pampu haijakijaza, safari imekwisha. Ndiyo maana mzee alikataa kulipima gari likiwa limesimama kijiweni kwake. Akasema tulipakie, tulipeleke likafie mlimani.

Likafa, mahali pake pa kawaida. Mzee akafungua chujio la hewa, akachungulia koo la kabureta huku akivuta waya wa mafuta: hakuna hata tone lililoruka. Akachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akauelekeza kwenye chupa ya maji, utingo akapiga stata. Yakatoka matone machache, kama mtoto anayelazimishwa kulia.

"Kabureta haina kosa," akasema. "Itatoa nini ambacho hakijaingia?"

Nilimuuliza kuhusu mvuke. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo petroli inavyochemka kwa joto la chini zaidi, hivyo mvuke unaweza kuziba bomba. Hakunicheka. Alishika bomba, akanivuta mkono nami nilishike. Lilikuwa la baridi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka.

Kisha akaenda nyuma kwenye tangi, akatutaka tunyamaze.

Kifuniko halisi kilipotea miaka mingi. Utingo, kijana mwangalifu kwa kweli, alifunga nailoni nene na kuikaza kwa utepe wa tyubu ili mvua za masika zisiingize maji kwenye petroli. Nailoni ile ilikuwa imenyonywa ndani, imebonyea kama kikombe. Mzee alipolegeza utepe, tangi likavuta hewa: fyuuu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Kifuniko cha kiwandani huacha nafasi kwa kazi hiyo, nailoni haikuacha. Pampu, mpya kabisa, ilikuwa ikivutana na tangi lililofungwa. Ile nusu saa ya kupumzika ilikuwa muda wa hewa kupenya kidogo kidogo kwenye mikunjo. Na gari tupu halikuzima kwa sababu lilikunywa taratibu, hewa ikawahi.

Tulifika Lukozi bila kusimama tena. Mzee akatafuta kifuniko kutoka kwenye gari bovu, akakipuliza kwa mdomo kuhakikisha kinapitisha pumzi, akadai pesa isiyofikia bei ya plagi nne. Alisema pia tangi lina kutu na litahitaji kuoshwa, ila si leo.

Mjomba hakushangilia. Alisimama akihesabu kwa vidole, halafu akaniuliza kama nitapitia mjini nikirudi chuoni, niiulizie ile kabureta yake ya zamani, iliyokuwa nzima. Niliiulizia. Wakaniambia ilishauzwa.