Majumba Yapimwayo kwa Lulu: Barua kutoka Abu Dhabi

Ndugu zangu wa mwambao,

Mji huu wa Abu Dhabi, ambao riziki yake zamani ilitegemea wazamia lulu, siku hizi huyapima majumba yake, kwa jinsi yanavyotunza mazingira, kwa alama za lulu, kuanzia moja hadi tano. Na tangu mwaka 2010 jengo jipya limeshurutishwa kustahiki japo lulu moja, na lijengwalo kwa mali ya serikali, mbili.

Masharti yenyewe yamegawanyika mfano wa faradhi na sunna: yale ya faradhi hayana alama, lakini aliyekosa moja amekosa hati yote, ya sunna ndiyo yenye alama, na mjenzi aliyetimiza faradhi zote kisha akachuma alama 60 hupewa lulu mbili, na akifika 140, tano. Linalonipendeza mno ni kwamba maji yametengewa alama 43, karibu sawa na nishati yenye 44. Kwani nchi hii haina mto, na maji ya kunywa aghalabu ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa nishati nyingi. Nilimwona mkaguzi katika jengo moja akilinganisha stakabadhi za mabomba na michoro, kisha akafungua bomba la kunawia na kuyatazama maji yakitoka membamba, yamechanganyika na hewa.

Hati ya kwanza hutolewa juu ya michoro, ya pili ujenzi umalizikapo, na ya tatu, ya matumizi, si chini ya miaka miwili baada ya ujenzi kumalizika, watu wakiwa wamekwisha kukaa humo. Kwangu mimi hiyo ya tatu ndiyo shahada ya kweli, maana karatasi haiwashi kiyoyozi wala haifungui bomba.

Waingereza walitangulia kwa mizani yao ya BREEAM mwaka 1990, wakafuata Wamarekani na LEED. Abu Dhabi ilijifunza kwao, lakini ikatunga ya kwake kwa kadiri ya jua na ukame wake. Nanyi wahandisi na madiwani wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, nawasihi msichukue jedwali la wageni zima zima: upeni alama upepo wa bahari, kivuli, na maji ya mvua yavunwayo mapaani. Na wewe mpangaji, ukiambiwa nyumba ina hati, uliza kwanza ni hati ya mchoro, ya ujenzi, au ya matumizi.