Watu Wenye Manyoya

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi nilipoambiwa kwa mara ya kwanza habari za watu wenye manyoya. Tulikuwa tumekaa kwenye shikome, yaani moto wa jioni ambao katika Usukuma ya zamani wanaume na watoto wa kiume waliuota kabla ya kwenda kulala. Nyumbani kwetu ni Ntuzu, karibu na Bariadi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha ingia zizini. Mjomba wangu mmoja, ambaye alikuwa mwindaji na aliyafahamu mapori ya kusini kuliko mtu yeyote niliyemjua, alituambia kwamba huko mbali wako watu wafupi, wenye manyoya mekundu mwili mzima, ambao hutembea kwa miguu miwili kama sisi. Hawana nyumba wala moto. Mtu anaweza kuzeeka porini asiwaone, na akiwaona hawezi kuwafuata.

Sikulala usiku ule. Zimwi Shing'weng'we, aliyemeza watu na mifugo mpaka kijana Masala Kulangwa akamshinda, hakunitisha kiasi hicho, kwa kuwa kila mtoto wa Kisukuma alijua kwamba hiyo ni hadithi na mwisho wake ni mwema. Habari ya mjomba haikuwa na mwisho. Alisema wako, akanyamaza, akachochea moto.

Nilipokuwa mtu mzima niligundua kwamba mjomba hakuwa peke yake. Desemba 1937, Mwingereza mmoja, Kapteni William Hitchens, aliandika katika gazeti la Uingereza liitwalo Discovery kwamba alipokuwa akimvizia simba mla watu katika misitu ya upande wa magharibi wa mbuga za Wembere, aliona viumbe wawili wadogo wakitoka kwenye msitu upande mmoja wa uwazi na kupotelea vichakani upande wa pili. Walikuwa kama watu, urefu wa futi nne hivi, wenye manyoya ya rangi ya kahawia nyekundu. Mwindaji Mwafrika aliyekuwa naye alishikwa na woga na mshangao, akamwambia kuwa hao ndio agogwe. Mwaka 1955 mtaalamu wa wanyama Bernard Heuvelmans aliichukua habari hiyo na kuitia katika kitabu chake juu ya wanyama wasiojulikana, akauliza kama hao wasingeweza kuwa mabaki ya viumbe wa kale waliowatangulia binadamu.

Msomaji asicheke upesi. Hadi mwaka 1847 sokwe mkubwa tunayemwita gorila hakuwa ameandikwa katika vitabu vya sayansi, ingawa watu wa misitu ya Afrika walimjua tangu enzi na enzi. Yule wa milimani, katika volkano za Virunga, aliandikwa baada ya mwaka 1902, mwanajeshi wa Kijerumani alipompiga risasi. Na mwaka 2003, katika kisiwa cha Flores huko Indonesia, wachimbaji walipata pangoni mifupa ya watu wa kale wafupi, kimo cha mita moja hivi, katika kisiwa ambacho wenyeji wake walikuwa na masimulizi ya siku nyingi juu ya watu wadogo wenye manyoya. Hata kwetu, ukitoka Meatu ukaenda kaskazini mashariki hadi kaskazini ya Ziwa Eyasi, utafika Laetoli, mahali ambapo nyayo za viumbe waliotembea wima zimehifadhika katika majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Pamoja na hayo, mimi siamini kwamba agogwe wapo. Mnyama haishi peke yake. Ili kizazi kidumu ni lazima wawe wengi, na wakiwa wengi watakufa, na wakifa wataacha mifupa, meno na manyoya. Mapori yetu ni ya migunga na mibuyu, na kila mwaka hupitwa na wachungaji, warina asali, wawindaji na wapima ardhi. Mpaka leo hakuna aliyeleta jino moja. Ningeliacha jambo hili hapo, kama lisingekuwa limeniingia katika kazi yangu.

Mwaka 1977 Serikali ilipoanza kutekeleza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nilikuwa kijana mwenye cheti cha chuo cha ualimu, nikiongoza shule ndogo katika sehemu ambazo leo ni Wilaya ya Meatu. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu kosa ninalolieleza lilikuwa langu. Tuliagizwa kila mtoto aandikishwe. Asubuhi moja viongozi wa kijiji wakaniletea mvulana wa miaka kumi hivi kutoka kwa watu wa porini ambao wakati ule tuliwaita Watindiga. Wenyewe hujiita Wahadzabe. Hawafugi wala hawalimi; huishi kwa upinde, asali, mizizi na matunda ya pori, na lugha yao ina sauti za kugonga ulimi ambazo sisi hatuziwezi. Jumla yao wote kuzunguka Ziwa Eyasi ni watu elfu moja na kidogo.

Nilimwuliza jina. Akalitaja, na ndani yake mlikuwa na mgongo wa ulimi ambao kalamu yangu haikujua kuuandika. Nikamwuliza tena, akalitaja tena. Wanafunzi waliokuwa mlangoni wakacheka. Nami, kwa haraka ya kazi, nikamwandika katika daftari la mahudhurio kwa jina la Juma, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Wakati wote huo mtoto hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yangu. Mimi nilizaliwa na manyoya mengi mikononi na kifuani, jambo ambalo kwetu si la kawaida, na wenzangu chuoni walinitania sana kwa ajili hiyo. Nilidhani ananidharau. Nikashusha mikono ya shati.

Katika wiki ya pili nilisikia kelele uwanjani. Nilitazama dirishani nikaona wanafunzi wakubwa wamemzunguka Juma. Walikuwa wakisema kwamba babu zake ni wale watu wenye manyoya, na kwamba naye anayo, ila ameyaficha chini ya sare. Habari ile ile ya shikome! Wakamvua shati. Hakuwa na unywele hata mmoja. Alisimama tu pale, mwembamba, mikono ameiweka kifuani, na wale wakubwa wakaanza kumgeuza wapate kuona mgongo.

Kengele ilikuwa karibu kulia. Mezani nilikuwa na ripoti ya kupeleka kwa mratibu wa elimu. Nikajiambia kwamba ni utani wa watoto, na kwamba mtoto hujifunza kuishi na wenzake kwa namna hiyo. Nikakaa nikaendelea kuandika. Jambo nililoliandika nalikumbuka: idadi ya watoto walioandikishwa.

Kesho yake hakuonekana, wala siku iliyofuata. Sare tuliikuta imekunjwa vizuri kwenye kizingiti cha darasa. Watu wa kijiji walisema alionekana alfajiri akielekea upande wa mto Sibiti, peke yake, katika nchi yenye simba na fisi. Sikwenda kumtafuta. Baada ya muda uliowekwa nilichukua kalamu nyekundu nikaandika mbele ya jina la Juma: mtoro. Ndivyo kanuni ilivyosema, na hakuna mkaguzi aliyeuliza.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, nikawa mwalimu mkuu wa shule nyingine tatu, nikastaafu mwaka 2009. Mwaka 2012 Bariadi yetu ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu. Mwaka uliofuata mwanangu, ambaye ni tabibu, alikwenda Meatu kwenye chanjo ya watoto, nami nikamwomba nifuatane naye. Katika kambi moja ya Wahadzabe, chini ya mbuyu, nilimkuta mzee wa rika langu akinyoosha mshale kwa meno. Alijua Kiswahili na Kisukuma pia. Tukasalimiana, tukapeana tumbaku, tukazungumza habari za mvua, asali, na ng'ombe wetu Wasukuma wanaomaliza majani ya wanyama wao. Aliniambia hilo la ng'ombe bila hasira, nami sikuwa na jibu.

Mwishowe nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, habari za watu wenye manyoya umewahi kuzisikia?"

Akasema, "Hao ni wetu."

Kisha akanieleza, na baadaye nikaona kwamba wataalamu nao wameyaandika masimulizi hayo. Wahadzabe huigawa historia yao katika vipindi vinne. Watu wa kwanza kabisa, Akakaanebe, walikuwa wakubwa mno na wenye manyoya mwili mzima. Hawakuwa na moto wala zana. Walimkazia mnyama macho mpaka akaanguka akafa, wakamla mbichi, wakalala chini ya miti. Hao wakaisha. Wakaja wa pili, wakubwa vile vile lakini hawana manyoya, wakapata moto, wakawinda na mbwa, wakakaa mapangoni. Wa tatu walikuwa na kimo cha watu wa kawaida. Ndio walioanza upinde na vibanda, wakabadilishana vitu na wageni wapate chuma. Wa nne ni hawa wa leo.

Nilitulia muda mrefu. Mjomba wangu aliwaweka watu wenye manyoya mwisho wa nchi, mahali Wasukuma wanapokoma. Hitchens aliwaweka mwisho wa himaya yake. Huyu mzee peke yake aliwaweka mwanzo wa ukoo wake. Nikamkumbuka mtoto aliyeitazama mikono yangu, mtoto aliyelelewa katika masimulizi hayo, akaletwa mbele ya mtu mkubwa mwenye manyoya aliyemkazia macho. Huenda siku ile katika ofisi yangu aliyeliona jitu la porini alikuwa yeye.

Nikamwambia mzee habari yote, tangu daftari hadi kalamu nyekundu. Sikujua kwa nini namwambia. Labda nilitaka anisamehe kwa niaba ya mwingine, jambo ambalo haliwezekani. Alisikiliza akiendelea na mshale wake. Nilipomaliza akasema watoto wengi walirudi kutoka shule miaka ile, kwa miguu, na wengi walifika. Kisha akauliza, kama mtu yeyote wa kwao ambavyo angeuliza, "Huyo alikuwa mtoto wa nani? Jina lake nani?"

Wale wa bonde la Yaeda, katika Wilaya ya Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na wapo vijana wa Kihadzabe waliosoma hadi chuo kikuu. Nashukuru kwa hayo, ingawa mimi sikuyachangia. Kwa walimu vijana watakaosoma kurasa hizi nina shauri moja. Mtoto akikutajia jina lake na ulimi wako ukashindwa, mwambie alirudie, hata mara kumi, hata darasa zima likicheka. Ripoti ya mratibu itangoja.

Maana mzee yule aliacha mshale akaningoja. Angaliweza kuniambia kama mtoto alifika. Walikuwa wachache, na walijuana wote. Nikafungua mdomo, na kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa Juma.