Toka Kinshasa Mpaka Lubumbashi kwa Ndege

Wanafunzi wetu hupenda kuuliza: Kinshasa ni mbali gani na Lubumbashi? Tukipiga mstari ulionyoka juu ya ramani, toka kiwanja cha ndege cha Ndjili mpaka kile cha Luano, twapata kilometa 1,550 hivi. Ndege kubwa ikiisha kufika juu hukimbia kilometa 800 kwa saa, hata kuzidi. Lakini wakati wa kupanda na wa kushuka mwendo wake ni mdogo zaidi. Basi tuhesabu safari ya saa mbili na kitu.

Aketiye karibu na dirisha, mawingu yasipomfichia nchi, huona mito ikipita chini yake: Kwango, Kwilu, Kasai, na mwisho Lualaba. Akishuka Luano katika mwezi wa sita au wa saba, baridi humpokea. Kinshasa iko meta 300 hivi juu ya bahari. Lubumbashi inapita meta 1,200.

Jambo la kuangaliwa sana ni saa. Jua huwafikia watu wa mashariki kwanza, na kwa sheria saa ya Lubumbashi hutangulia ile ya Kinshasa kwa saa moja kamili. Tuseme ndege inaruka saa mbili tu. Ikiondoka Kinshasa saa nne ya asubuhi, itafika Lubumbashi saa saba ya mchana. Lakini ikiondoka Lubumbashi saa nne, itafika Kinshasa saa tano. Njia ni ileile. Saa za ukutani ndizo zinazotofautiana. Kwa hiyo anayewaandikia jamaa wampokee ataje saa ya mji gani.

Asiyepanda ndege ana njia ya zamani: meli mpaka Ilebo, kwa mto Kongo na mto Kasai, kisha gari la moshi, kwa reli iliyotimizwa mwaka 1928. Safari hiyo huhesabiwa kwa siku nyingi, na pengine kwa majuma.

Hapo ndipo shida ya jamaa zetu. Mzazi akifariki Lubumbashi, mtoto aliye Kinshasa akiwa na nauli ya ndege atawahi maziko. Asipokuwa nayo, atakuta kaburi limekwisha kuota majani. Kilometa ni zilezile kwa tajiri na kwa maskini, lakini siku si zilezile. Basi, ndugu, tusimhukumu upesi asiyefika kilioni, wala tusiseme kwamba amesahau kwao. Na jamaa zilizo na watoto katika miji yote miwili zifanye akiba ya pamoja, fedha kidogo kila mwezi, wakati wote wakiwa wazima. Siku ya msiba itakapokuja, mmoja wao apate kupanda ndege kwa niaba ya wote, awapelekee wafiwa mkono wa rambirambi na kusimama pamoja nao katika Misa.