Samahani kwa Kuchelewa: Just A Band na Programu Yetu ya Mbuzi

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa. Leo sitaandika kuhusu seva wala lugha za programu. Nataka kuzungumzia bendi moja ya Nairobi, na rafiki mmoja niliyemkasirikia bure.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Lokori. Intaneti tuliisikia tu. Siku moja binamu yangu akashuka kwenye lori lililotoka Lodwar, mkononi simu, na ndani ya kadi ya simu ile video moja: jamaa mkali, kama katoka kwenye filamu za miaka ya 1970, anawatwanga wahuni huku muziki ukidunda. Jina lake Makmende. Tuliitazama mpaka betri ikazima. Wiki nzima kila mtoto aliyechunga mbuzi kando ya mto Kerio alikuwa Makmende.

Nilipofika chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta ndipo nilipojua kwamba wimbo ule ni Ha-He wa Just A Band: Blinky Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hawakungoja kampuni kubwa iwachukue. Muziki walitengeneza kwa kompyuta, video nazo wakatengeneza wenyewe. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, yenye wimbo Iwinyo Piny, ilitoka 2008. Ya pili, 82, ikafuata 2009.

Sasa angalieni tarehe, wadau. Waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Miezi michache baadaye, Machi 2010, ikaja Ha-He. Wakenya wakajaza Facebook na Twitter vichekesho vya Makmende, hadi CNN na Wall Street Journal wakaandika habari zake. Jina lenyewe lilikuwa la mitaani tangu miaka ya 1990. Inasemekana lilitokana na watoto kukosea kutamka maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya 1983, Sudden Impact.

Lakini Lokori Makmende hakupita kwenye waya. Alikuja kwa lori, kisha akaruka simu hadi simu kwa Bluetooth.

Hilo ndilo lililotupa wazo. Mimi na wenzangu wawili tulianza kuandika programu ya bei za mbuzi katika soko la Lokori, Lokichar na Lodwar. Mtandao ukikosekana, simu moja inaipa nyingine bei mpya, kama video ile. Mwaka jana mwenzetu mmoja, aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo, akapata kazi Nairobi akaondoka. Nilikasirika. Nikamtoa kwenye kundi letu la WhatsApp, simu zake sikupokea. Watu wakiniuliza programu iko wapi, nilijibu: huyo ndiye aliyeiua.

Juzi usiku nilikuwa nasikiliza 82, nikaanza kuwafuatilia jamaa wale. Albamu ya tatu, 2012, waliiita Sorry for the Delay, yaani samahani kwa kuchelewa. Mwandishi gani wa programu hajawahi kumwambia mteja maneno hayo? Jim Chuchu aliondoka kwenye bendi, na 2014 akaonekana kama mwongozaji wa filamu Stories of Our Lives. Mbithi Masya akaongoza Kati Kati, 2016. Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe 2018. Kila mmoja njia yake, lakini Ha-He bado ni ya wote wanne. Kuondoka kwa mmoja hakukufuta noti hata moja.

Nikafungua msimbo wetu, mara ya kwanza baada ya miezi saba. Ndani kulikuwa na faili moja ambayo sikuwahi kuigusa. Tarehe yake: usiku wa kuamkia safari ya rafiki yangu. Kaeleza kila kitu, hatua kwa hatua: pale penye hitilafu, pale alipokosea, na namna ya kuendelea bila yeye. Mstari wa mwisho kaandika, "Ukikwama nipigie, hata usiku."

Mimi ndiye niliyekuwa sipokei simu.

Nilimpigia saa tano usiku. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akapokea, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umefika kwenye hitilafu ya Lokichar?"

Nikamwambia ndiyo, na samahani kwa kuchelewa.

Tulimaliza saa nane. Programu inafanya kazi, na jina lake liko la kwanza. Jumamosi naipeleka sokoni. Tutaonana, wadau.